Pampu mpya, na mashine bado inachemka

Mara ya kwanza kubadilisha impela ya mashine ya boti, kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi kinachosukuma maji ya kupoza mashine, nilimaliza kwa saa mbili, nikajiona fundi. Kesho yake nikarudi ufukoni kwa kupiga makasia. Mashine imechemka vilevile. Impela mpya, gasketi mpya, bolti zimekazwa vizuri. Kumbe ile kuukuu ilitoka na mapezi manne badala ya sita, nami nikaitupa bila kujiuliza mawili yamekwenda wapi.

Yalikuwa juu. Pampu hupandisha maji, na mpira uliokatika hupanda nayo, ukaenda kukwama kwenye bomba au kwenye thermostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza. Siku hizi nahesabu mapezi kabla hata ya kufuta grisi mkononi. Kikikosekana kipande, nafungua thermostati na kusukuma maji kutoka juu yashuke, mpaka kipande kitokee chini. Hiyo kazi inachosha kuliko kubadilisha pampu yenyewe.

Lakini usikimbilie kufungua. Ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni ukidhoofika, chomeka kwanza mshipi mnene kwenye tundu lake. Mara nyingi ni chumvi au mchanga tu.

Ikibidi kufungua, chomoa waya wa plagi, kisha uwe na subira na bolti. Kwenye maji ya chumvi, bolti hugandana na alumini kama zimechomelewa. Mimi hutia mafuta ya kulegeza jioni nikaziacha zilale nayo, na asubuhi nakaza kidogo kwanza, ndipo nafungua. Bolti ikikatikia ndani, habari ya kwenda baharini wiki hiyo isahau. Kwenye mashine nyingi kuna pia fito ya gia ya kutenganisha kabla ya kushusha sehemu ya chini, yenye pampu. Angalia gia ilikuwa wapi, uirudishe hapohapo.

Tandika kitambaa chini. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia impela kwenye shafti, yaani mhimili unaoizungusha, na kikianguka mchangani utakitafuta hadi jua lizame. Wakati wa kurudisha nakibandika kwa grisi kidogo ili kisiteleze. Pitisha ukucha kwenye bamba la chini la pampu na kuta za ndani za kikombe chake: ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo, badilisha navyo, maana impela mpya juu ya bamba lililolika haivuti maji sawasawa.

Lowesha impela kwa maji ya sabuni. Kikombe kikishuka juu yake, zungusha shafti upande wa mishale ya saa, ukitazama kutoka juu, ili mapezi yalale upande wake. Usiizungushe kinyume tena. Meno ya shafti yapake grisi, ila ncha ya juu iache kavu. Grisi ikijaa pale huzuia shafti kuingia hadi mwisho. Unapopandisha, mulika tochi uhakikishe bomba la maji limeingia kwenye mpira wake. Usilazimishe kwa kukaza bolti.

Kujaribu ni ndani ya pipa la maji, hata kama ni sekunde chache tu. Pampu kavu huunguza mpira upesi mno. Nikishawasha, jicho langu haliondoki pale ubavuni; mchirizi ukichelewa, nazima na kuanza tena kuhesabu mapezi.