Insha ya patholojia ya kinywa: maswali yenu

SWALI: Chuo kimetangaza tuzo ya insha ya patholojia ya kinywa, maneno 2,000. Nimechagua ameloblastoma, uvimbe wa taya unaotokana na seli za kutengeneza meno, lakini rasimu imekuwa kama daftari la somo: maana, chanzo, dalili, matibabu. Mwalimu ameandika pembeni, "Hoja iko wapi?" Nifanyeje?
– Mwaka wa nne, Dar es Salaam

JIBU: Mwalimu ameona sawasawa. Waamuzi wanaijua ameloblastoma kuliko wewe, na kurasa za maana na dalili zitawachosha. Shika swali moja dogo: kwa nini uvimbe huu, ambao si saratani, hurudi mara nyingi ukikwanguliwa?

Anzia kwenye slaidi, yaani kipande chembamba cha uvimbe chini ya darubini. Eleza visiwa vya epithelio (seli za utando): pembeni seli ndefu zimesimama kama uzio, viini vyake vimehama kutoka upande wa utando wa chini, na katikati kuna seli zilizolegea zenye umbo la nyota. Vigezo vya Vickers na Gorlin vya mwaka 1970, vya kuitambua ameloblastoma kwenye slaidi, vitaje mara moja, uendelee. Kisha mpeleke msomaji ukingoni mwa uvimbe. Huko seli hupenya kwenye nafasi za mfupa wa sponji kabla mfupa wenyewe haujaliwa, ilhali eksirei huonyesha pale tu ulipokwisha kuliwa. Kwa hiyo ukingo unaoonekana safi kwenye picha si ukingo wa kweli. Anayekwangua kuufuata anaacha seli nyuma, na uvimbe unaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Ndiyo maana wapasuaji wengi hukata mfupa sentimita 1 hadi 2 nje ya ukingo wa eksirei.

Halafu jipinge mwenyewe. Ipo ameloblastoma ya uwazi mmoja, iliyo kama mfuko: seli zikibaki kwenye utando wa ndani, matibabu mepesi yanaweza kutosha, zikiingia kwenye ukuta wa mfuko, hutenda kama aina ya kawaida. Hapo pia ndipo pa BRAF V600E, badiliko la jeni linalochochea seli kukua; ni mabadiliko yaliyoripotiwa mwaka 2014 na kupatikana zaidi taya la chini. Wengi huyabandika aya ya mwisho kama pambo. Sema yanabadilisha nini: dawa za kuzuia BRAF zimeufanya uvimbe unywee kwa baadhi ya wagonjwa, na sehemu ya taya iliyokatwa ikapungua.

SWALI: Kinyama (kipande cha tishu kilichokatwa kwa uchunguzi) cha mgonjwa ninayetaka kuandika habari zake kimerudi na jibu "hakifai kwa uchunguzi". Tulikosea wapi?
– Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Makosa ni yale yale. Ganzi ilichomwa ndani ya kidonda chenyewe, maji yakazitenganisha seli, ichomwe pembeni. Au kinyama kilibanwa kwa koleo la meno, seli zikasagika. Kishike kwa uzi wa kushonea. Au kilikatwa katikati ya kidonda, ambako mna tishu iliyokufa tu: kata ukingoni, upate sehemu ya kidonda na sehemu yenye afya iliyo jirani, kwa kina cha kutosha.

Kubwa kuliko yote ni chupa. Maji ya chumvi hayahifadhi tishu. Tumia formalini ya asilimia 10, angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Dawa hii huingia polepole, kama milimita 1 kwa saa, hivyo kipande kinene huoza katikati huku nje kikionekana kizuri. Lebo ibandikwe kwenye chupa, maana vifuniko hubadilishana. Na kabla ya kuandika lolote kuhusu mgonjwa huyo, pata ridhaa yake ya maandishi. Kuziba macho kwenye picha hakutoshi kumficha.

SWALI: Je, limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu inayoshika taya za watoto, imeandikwa mno kuwa mada ya insha?
– Kampala

JIBU: Historia yake, ndiyo. Daktari Denis Burkitt aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, na makala yake ya mwaka 1958, kisha kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli zake mwaka 1964: sentensi mbili zinatosha. Kilichobaki na utamu ni kasi. Karibu kila seli iko kwenye mzunguko wa kugawanyika, na makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki ya seli zilizokufa ndizo zinazoipa slaidi sura ya anga yenye nyota. Unganisha sura hiyo na mtoto ambaye meno yake yanalegea ndani ya wiki chache, uwaeleze waamuzi kwa nini kumpa dawa za jino bovu na kumwambia arudi mwezi ujao ni hatari.