Swali: Darubini haishiki shabaha, skrubu zimeliwa vichwa. Nianze na vifaa gani?

"Shikamoo fundi. Mimi ni fundi mitambo, nimekaa gereji miaka minne. Sasa nimeajiriwa na kampuni ya uwindaji hapa Arusha na nimekabidhiwa chumba cha silaha: bunduki saba, sita za komeo za mtindo wa Mauser na moja ya zamani ya .303 (namba hizi za nukta ni aina ya risasi inayotumika). Aliyenitangulia kaacha boksi la vifaa vya gari. Skrubu nyingi zimeliwa vichwa, na .375 moja kila ikipigwa risasi kama kumi darubini inahama. Bosi anataka orodha ya vifaa lakini hela si nyingi. Nianze na nini?"

Marahaba kijana. Kabla ya hela, karatasi. Kibali cha kampuni kumiliki bunduki ni kitu kimoja, ruhusa ya kuzitengeneza ni kitu kingine. Muulize bosi kazi yako inafanyika chini ya leseni ya nani. Kama anababaika, nenda kwa ofisa wa polisi anayeshughulikia silaha wilayani kwako kabla hujafungua hata skrubu moja. Na risasi zisiingie kabisa kwenye chumba chenye benchi. Toa komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole. Macho huzoea kuona chemba tupu hata isipokuwa tupu.

Sasa vifaa. Kwa ulivyoeleza, magonjwa yako mawili, vichwa vya skrubu na darubini, yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni bisibisi.

Chukua bisibisi bapa ya kawaida uitazame kwa ubavu. Ncha yake ni kabari: nene juu, inakwenda ikipungua. Ukiitia kwenye mfereji wa skrubu haifiki chini, inashika kingo mbili za juu tu. Ukizungusha kwa nguvu inapanda, inachomoka, na inaondoka na kipande cha chuma. Mara ya pili kuna chuma kidogo zaidi cha kushika. Mara ya tatu unaniandikia mimi. Bisibisi ya fundi bunduki pande zake mbili za ncha zinakwenda sambamba, kwa hiyo inakaa mpaka chini na kuujaza mfereji wote. Upana wake uwe sawa na kichwa cha skrubu, usizidi, maana ukizidi unachora chuma cha pembeni, na mchoro kwenye bunduki ya mteja hauna maelezo.

Nunua seti ya vichwa vya kubadilisha vya aina hii, vyenye unene na upana tofauti, pamoja na mpini mmoja mzuri. Hiki ndicho kitu cha kwanza kwenye orodha yako, na kama hela ingetosha kitu kimoja tu ningekwambia ununue hiki. Bunduki za zamani za Ulaya zina mifereji myembamba sana, kwa hiyo hata ukiwa na seti kuna siku utahitaji kuchonga kichwa chako mwenyewe. Tumia tupa na jiwe la mafuta, taratibu. Ukienda kwenye grenda, chovya kwenye maji kila sekunde chache. Ncha ikishageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha na itajikunja kama bati.

Skrubu zilizokwisha kuliwa usizishambulie kwa hasira. Gonga kichwa kwa panchi ndogo ya shaba kurudisha kingo zilizoinuka, safisha mfereji, kisha weka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa kwa dakika moja au mbili. Mara nyingi kilichoshika ni gundi ya nyuzi, ile inayotiwa kwenye mikunjo ya skrubu isilegee, na gundi hiyo hulainika kwa joto. Baada ya hapo bonyeza kwa uzito wa mwili na uzungushe kwa mkono. Mafuta ya kupenya kutu ni sawa kwenye chuma, ila yasifike kwenye mti wa bunduki. Yakishaingia huko hayatoki, na mti uliolowa mafuta unalegea hapo hapo unapotakiwa kubeba teke, ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma.

Tuje kwenye .375 yako. Hiyo .375 H&H, risasi ya kampuni ya Holland & Holland ya tangu 1912, husukuma risasi ya gramu 19 na ushei, na teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, risasi ya kawaida ya uwindaji. Kila mlio, bunduki inarudi nyuma kwa ghafla na darubini inataka kubaki ilipokuwa. Kinachoilazimisha ifuate ni skrubu nyembamba tu: nne za pete zinazoshika bomba la darubini, na nne za besi, vile vibati vinavyofunga pete kwenye mwili wa bunduki. Zikikazwa kidogo, darubini inatembea. Zikikazwa sana, nyuzi zinakatika au pete inabana bomba la darubini hadi lenzi za ndani zinashindwa kusogea. Mkono wa fundi gari hauwezi kuhisi tofauti hiyo. Nakwambia kama niliyekuwa fundi gari pia.

Kwa hiyo kitu cha pili ni bisibisi ya torki, yaani inayopima nguvu ya kukazia, kati ya newton-mita 1 na 8 hivi. Spana ya torki iliyomo kwenye boksi ulilorithi haifai, maana kipimo chake kinaanza juu mno. Ukikosa ya bunduki, waulize wanaotengeneza baiskeli za mashindano. Fremu na usukani wa kaboni hupasuka ukikazwa ovyo, kwa hiyo vifaa vyao hupima eneo hilo hilo. Viwango vya kuanzia: skrubu za pete newton-mita 2 hivi, za besi kati ya 2 na 3, na zile kubwa mbili zinazofunga chuma kwenye mti 4 hadi 5 kama ni mti mtupu usioimarishwa ndani kwa chuma. Aliyetengeneza pete au bunduki akisema vingine, mfuate yeye. Maandishi mengi ya Kimarekani yanatumia inchi-pauni. Gawanya kwa 8.85 upate newton-mita.

Torki peke yake haitoshi. Vua darubini na besi. Futa skrubu, matundu yake na uso wa chuma unaobeba besi kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Nina hakika utakuta mafuta chini ya besi, kwa sababu watu wakisafisha bunduki hudhani kila kona inataka mafuta. Mafuta kwenye nyuzi hudanganya kipimo pia: kwa torki ile ile, skrubu yenye mafuta huvutwa zaidi kuliko iliyo kavu. Rudisha besi na tone dogo la gundi ya buluu kwenye nyuzi, si ile nyekundu. Kwenye pete kaza kwa zamu, huku robo mzunguko na kule robo, mpaka mwanya wa pande zote mbili ulingane.

Halafu geukia tumbo la bunduki, kwenye zile skrubu kubwa mbili. Ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Ukishakaza, tikisa boksi la magazini kwa kidole: liwe na mchezo kidogo sana. Likiwa limebanwa kati ya chuma na mti, torki yote uliyoipima inaishia kwenye boksi, na chuma hakijakaa mahali pake. Na kumbuka mti unaishi. Bunduki iliyotengenezwa Ulaya ikikaa nyanda kavu miezi minne mti wake hunywea, skrubu zilizokuwa sawa zinakuwa legelege bila mtu kuzigusa. Pima mwanzoni mwa msimu, pima tena katikati.

Jiriwa, au vaisi kama tunavyozoea, unayo tayari, nadhani. Meno yake yavike mbao laini na ngozi. Usibane mtutu wala mwili wa bunduki moja kwa moja kwenye chuma, hata kidogo, hata kwa dakika moja. Panchi: chache za chuma zenye ncha bapa na mbili za shaba, pamoja na nyundo ndogo yenye uso wa nailoni. Trei yenye sumaku, kwa sababu springi ndogo zina tabia ya kuruka chini ya kabati zito kuliko yote.

Vya kusafishia vinastahili maneno zaidi, maana mitutu mingi niliyoona ikifa haikufa kwa kupigwa risasi. Imeuliwa na ufito wa kusafishia. Zile fito za vipande vitatu vya kuunganisha zina maungio yenye kingo. Mtu anaingizia kwenye mdomo wa mtutu, anasugua, na ufito unapinda na kukwangua ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ndio kitu cha mwisho kuigusa risasi inapotoka. Ukiharibika upande mmoja, gesi inachomoka upande huo mapema na risasi inapewa kofi la pembeni. Nunua ufito mmoja mzima uliovikwa plastiki, uingize kutokea nyuma, na uwe na kielekezi kinachokaa mahali pa komeo ili ufito upite katikati. Dawa ya kutoa shaba yenye amonia hugeuka buluu ikikutana na shaba iliyoachwa na risasi. Ila kama kichwa cha ufito wako nacho ni cha shaba, utaona buluu siku nzima hata mtutu ukiwa msafi. Tumia kichwa cha nailoni. Fundi mmoja kijana, ambaye sasa anaandika majibu haya, aliwahi kusugua mtutu msafi alasiri nzima kwa sababu hiyo.

Kuhusu .303 yako. Kama ni Lee-Enfield ya mtindo wa kwanza, ile yenye pua butu mbele, usiiguse nyuma kabla ya mbele. Bolti ndefu inayoshika kitako, ile ya kufikiwa kwa bisibisi ndefu kupitia ndani ya mti, ncha yake ni ya mraba na imekaa kwenye bati lililo nyuma ya mti wa mbele. Ukiizungusha mti wa mbele ukiwa bado umefungwa, mraba ule unageuka na kuupasua mti kama kuni. Vua mti wa mbele kwanza, ndipo uende kwenye kitako, na hata kama ni kukaza tu utaratibu ni huo huo. Na kama hapo stoo kuna risasi kuukuu za kijeshi za .303, jua kwamba fataki zake, vile viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda, huacha chumvi mtutuni. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoyeyusha: mimina kwa faneli kutokea chemba, kausha, kisha ndipo upake mafuta. Waingereza waliwafundisha askari wao hivyo hivyo.

Kitu cha tatu ambacho nisingekiacha, hata kama hukuniuliza, ni geji za kupimia nafasi kati ya uso wa komeo na mahali ganda la risasi linapogota. Zinakuja mbili kwa kila aina ya risasi: moja komeo linapaswa kuifunga, nyingine lisiifunge. Tofauti yao kwenye .308, kwa mfano, ni inchi 0.004, yaani milimita 0.1. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka na linaweza kukatika, na gesi inarudi usoni kwa mpigaji.

Niliitwa kambi moja, jina tuliache, ambako kijana msafishaji alichomoa makomeo ya bunduki sita, akayaosha yote katika beseni moja la mafuta ya taa, akayarudisha kwa kukisia. Moja lilikataa kufunga, hilo halikuwa na shida kwani limejitangaza lenyewe. Jingine lilifunga kwa ulaini wa ajabu, na kila mtu akalisifu. Nilivua kikucha cha kuvutia ganda na pini, nikaweka geji ya pili, ile isiyotakiwa kufungwa, nikashusha mkono wa komeo kwa ncha ya kidole. Likafunga. Kila komeo linatoshelezwa kwa mtutu wake, ndiyo maana Mauser nyingi za zamani zina namba ile ile kwenye komeo na kwenye mwili. Osha moja, rudisha, ndipo uchukue nyingine. Geji nunua za aina za risasi ulizonazo tu. Zikionyesha nafasi imezidi, si kazi ya benchi lako: bunduki iwekwe kando na ipelekwe kwa mwenye karakana ya mitutu.

Mashine ndogo ya kusagia usiiweke kwenye orodha. Najua inavutia. Mizani ya kupimia uzito wa kifyatulio ruksa, kupima tu. Kusugua meno ya kifyatulio ili kiwe laini ni njia fupi ya kupata bunduki inayojipiga komeo likifungwa kwa nguvu.

Ukimaliza .375, chukua rangi ya kucha, chora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha jirani, na mwingine pale pete inapokutana na bomba la darubini. Piga risasi kumi ukiwa na mwenye kibali, kisha tazama mistari. Mstari wa skrubu ukikatika, hiyo skrubu imelegea. Wa bomba ukikatika, pete hazibani. Mistari yote ikiwa mizima na shabaha bado inahama, ivue kwenye mti unipigie picha mbili: lile jino la chini ya mwili linalobeba teke, na kishimo chake kwenye mti. Picha zipigwe kwa mwanga wa ubavuni, nione kama mti umeanza kusagika.