Jibu kwa mleta mada: kuwasaidia wanaolala nje, Kabwe hadi Mwanjelwa

Ndugu mleta mada, umesema kwamba wewe na wenzako wa jumuiya mmechanga fedha za kununua mablanketi kwa ajili ya watu wanaolala kwenye baraza za maduka kuanzia Kabwe hadi Mwanjelwa, na kwamba baadaye mnakusudia kukodi au kujenga nyumba ya kuwalaza. Umeuliza muanzie wapi. Mimi ni mkazi wa Mbeya, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kikundi cha namna hiyo, kikundi kidogo cha majirani, wafanyabiashara wa sokoni na waumini wa makanisa mawili na msikiti mmoja. Nitajibu kwa yale niliyoyaona, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo.

Mablanketi nunueni. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kila aliyewahi kusubiri basi la alfajiri mwezi wa Juni au Julai anaijua baridi yake. Hata hivyo, kugawa blanketi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kwa jinsi nilivyoona, kinachomwondoa mtu barazani ni kupata mwenzake mmoja, mmoja yule yule, anayelijua jina lake, anayemfuatilia mwezi baada ya mwezi, anayekaa naye kwenye benchi la ofisi na la hospitali mpaka shughuli iishe. Kama kikundi chenu hakina watu wa kufanya kazi hiyo, fedha mlizochanga zitakwisha na mtawakuta watu wale wale mahali pale pale.

Kwanza wafahamuni ni akina nani, kwa sababu si kundi moja. Wapo wabeba mizigo wanaolala sokoni kwa kuwa malori ya viazi na ndizi huingia usiku wa manane, na anayekwenda kulala mbali hupitwa na kazi. Hawa wengi wana kwao, na wakati mwingine wana familia Rungwe, Ileje au Mbarali. Wapo waliotoka machimbo ya dhahabu ya Chunya mikono mitupu, wakaona aibu kurudi kijijini bila kitu. Wapo wajane walioondolewa kwenye nyumba na mashamba baada ya mume kufariki, na kwa hawa tatizo ni la mirathi kabla halijawa la malazi, hivyo mtu wa kwanza wanayemhitaji ni msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo inatambuliwa rasmi na hutolewa bila malipo kwa asiye na uwezo. Wapo wagonjwa wa akili, wapo waliozama kwenye ulevi au dawa za kulevya, wapo wazee, na wapo watoto, ambao nitawazungumzia peke yao. Wanaoyajua haya yote kuliko ofisi yoyote ni walinzi wa usiku na mama lishe. Zungumzeni nao kabla hamjanunua chochote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limetuchosha kuliko baridi na mvua: karatasi. Hapa kwetu karibu kila huduma huanzia kwenye barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na barua hiyo hutolewa kwa mkazi wa mtaa. Anayelala barazani si mkazi wa mtaa wowote. Bila barua na vielelezo vingine hapati kitambulisho cha taifa, kinachotolewa na NIDA; bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu, kwa sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole; bila laini hana akaunti ya fedha kwenye simu, na mwajiri wa kibarua hana namba ya kumpigia. Mzee anayestahili msamaha wa matibabu kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 naye anahitaji atambuliwe mtaani kwake. Hata TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ambayo watu wengi huitaja haraka wakiona maskini, mpango wake wa kunusuru kaya maskini hulenga kaya, na kaya hizo huanza kuibuliwa kwenye mkutano wa wananchi wa mtaa au kijiji. Mtu asiye na kaya, ambaye hakuna mwanamtaa atakayesimama mkutanoni kumtaja, hayumo hata kwenye orodha ya kufikiriwa. Ndiyo maana maskini kuliko wote hukosa msaada uliowekwa kwa ajili ya maskini, na hilo hutokea bila mtu yeyote kumfanyia hila.

Njia tuliyoipata ni kwenda na mtu huyo kwa mwenyekiti wa mtaa anakofanyia kazi au anakolala, tukiwa na watu wawili au watatu wanaomfahamu kwa muda mrefu, kwa mfano mwenye duka la baraza hiyo na mama lishe anakokula. Mwenyekiti huwa na hofu ya haki, kwamba ataandika barua kwa mtu asiyemjua kisha mtu huyo afanye uhalifu jina lake likiwa chini ya mhuri. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumlaumu. Huondolewa na mashahidi wanaoandika majina yao na kuweka saini. Mtendaji mmoja wa mtaa alitukatalia mara kadhaa, kisha akakubali siku mwenye duka alipokwenda mwenyewe akasema, “Huyu ndiye analinda mlango wangu usiku, nami simlipi.” Barua iliandikwa dakika ile ile.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni kiroba. Kila anayelala nje ana mfuko wa salfeti wenye mali yake yote: nguo, sufuria, labda cheti cha kliniki kilichoviringishwa ndani ya nailoni. Hawezi kuuacha, kwa sababu utaibwa au utazolewa na takataka. Hawezi kwenda nao ofisini, kwa sababu mlinzi wa getini atamzuia na waliopanga foleni watamkunjia uso. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekosa miadi yake ya macho mara kwa mara, na kila tulipomuuliza alijibu kwamba alisahau. Ukweli aliusema baada ya kutuzoea: hakuwa na mtu wa kumwachia kiroba. Fundi viatu wa jirani alikubali kuvitunza viroba nyuma ya kibanda chake kuanzia asubuhi hadi jioni, tukamnunulia turubai na kufuli, na kila mfuko tukaufunga kitambaa chenye jina la mwenyewe. Miongoni mwa yote tuliyogharamia, sijaona fedha ndogo iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Choo na maji ya kuoga viko kwenye fungu hilo hilo. Vyoo vya sokoni ni vya kulipia, na mtu asiyeoga hapewi kibarua wala chumba. Tulikubaliana na mwenye choo kimoja kwamba aandike kwenye daftari majina ya watu wetu, nasi tulipe mwisho wa mwezi. Kwa chakula sisi hatupiki. Tunanunua sahani kwa mama lishe kwa kadi ndogo zenye mhuri, na mwenye kadi huketi benchi moja na wateja wengine. Mama lishe anapata biashara, mlaji hapangwi foleni mbele za watu, na asipoonekana kwa muda tunapata habari mapema kwamba huenda anaumwa.

Katika ugonjwa, msipuuze kikohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na kituo kitataka kujua mgonjwa anaishi wapi na nani atasimamia unywaji wake wa dawa. Mmoja wenu anaweza kuandikwa kuwa msimamizi huyo. Hiyo ni kazi ya kila siku, basi achaguliwe anayeishi au kufanya biashara karibu. Kwa walioathirika na heroini, tiba ya methadoni hutolewa hapa hapa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kwa hiyo swali la nauli ya kila siku lijibiwe kabla hajaanza. Hospitali kubwa zina maofisa wa ustawi wa jamii ambao huweza kushughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. Muulizieni ofisa huyo mapema, msisubiri mpaka mgonjwa azuiwe dirishani. Kuhusu wagonjwa wa akili nitasema neno moja tu: dawa bila mahali pa kulala hupotea pamoja na kiroba.

Watoto ni suala la sheria, si la huruma peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwananchi anayeona haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Msimchukue mtoto mkamlaza nyumbani kwenu kwa nia njema bila kumhusisha Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 hupigwa bure kwa jambo lolote linalomhusu mtoto. Ofisa ndiye mwenye utaratibu wa kutafuta ndugu, na kwa wakati huo kumweka mtoto kwa mlezi au kwenye makao yanayotambuliwa.

Sasa kuhusu nyumba mnayoifikiria. Ushauri wangu ni kwamba msianze nayo. Nyumba ya kulaza watu wengi inahitaji mlinzi, maji, umeme, msimamizi wa usiku, vibali, na chumba cha kumtenga mgonjwa. Na mambo yakiharibika usiku mmoja, majirani wataandika barua ya kuikataa na kazi yote itasimama. Sisi tunapanga vyumba vya kawaida, kimoja kimoja, maeneo kama Ilemi, Iyela au Ilomba, ambako kodi ni nafuu kuliko katikati ya mji. Kikwazo si kodi ya mwezi. Ni kwamba mwenye nyumba hutaka ya miezi kadhaa kwa mpigo, fedha ambayo mbeba mizigo hawezi kuikusanya pamoja hata akiwa na kibarua kila siku. Kikundi hulipa mkupuo wa kwanza na kuwa mdhamini kwenye mkataba, kisha mpangaji huchangia kidogo kidogo kwa mama lishe wetu anayetunza hazina, mpaka awamu inayofuata ailipe mwenyewe kwa sehemu kubwa. Wapo walioshindwa wakarudi sokoni, na wengine kati yao walijaribu tena. Tafuteni mwenye nyumba anayeishi humo humo uani, ikiwezekana mama mtu mzima, na mwelezeni ukweli wote kabla ya kumpa fedha. Pia chumba kikiwa na godoro, ndoo, jiko na sufuria tangu siku ya kwanza, mtu hukaa. Kikiwa na sakafu tupu, atarudi barazani walipo wenzake, na mimi simlaumu.

Wengi hupendekeza kumkatia mtu tiketi arudi kwao. Hilo lifanyike pale tu anapotaka, na pale mlipokwisha kumpigia simu mtendaji wa kijiji na ndugu mmoja aliyesema kwa mdomo wake kwamba atampokea. Nauli bila simu hiyo ni kumhamisha mtu kutoka stendi moja kwenda nyingine.

Suala la misako pia mtakutana nalo. Wapo watakaowaambia kwamba mnafuga wazururaji. Jueni kwamba tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, ambazo chimbuko lake ni la kikoloni, zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kwa kumwadhibu mtu kwa sababu ya hali yake, na ikazitaka nchi wanachama kuzipitia upya. Sisi hatubishani na mgambo kwa hoja hiyo barabarani saa nane za usiku. Tunapeleka mapema kwa uongozi wa kata na kituo cha polisi majina ya watu tunaowafuatilia, na mara nyingi mtu akikamatwa tunapigiwa simu.

Kuhusu fedha, andikisheni kikundi halmashauri kupitia kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii, fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na msipige picha za watu wakipokea msaada. Michango huja kwa wingi wakati wa Krismasi na Ramadhani, kisha hukauka. Waombeni wachangiaji waahidi kiasi kidogo cha kila mwezi badala ya kikubwa cha sikukuu. Kwa Waislamu wenzetu, masikini na msafiri aliyekwama wametajwa waziwazi miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahili zaka, na tumeona misikiti ikilielewa ombi hilo bila maelezo mengi.

Kama mko tayari, wiki hii zungukeni na walinzi usiku, bila blanketi wala kamera, mkaulize majina. Kisha wachagueni watu wachache ambao mna uhakika mtaweza kuwafuatilia mwaka mzima, na kila mmoja apangiwe mwenzake. Fundi viatu niliyemtaja bado yupo. Ukihitaji kuona viroba vinavyopokelewa na kurudishwa, niandikie nikupeleke.