Jogoo akiacha kuwika: mchunguze kabla ya kumpa dawa

Mfugaji mgeni akiona jogoo amezubaa na kushusha mbawa, hukimbilia duka la dawa za mifugo: "Nipe dawa ya kuku anayeumwa." Muuzaji naye hamuulizi swali, anampa OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya kuua bakteria). Pengine jogoo ana minyoo, pengine ana mdondo, na OTC haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Kabla ya yote, mtoe kundini. Mtie kwenye tenga au boksi lenye maranda makavu, mahali pasipo na upepo, apate vyombo vyake mwenyewe. Ukiamka, hudumia wazima kwanza, yeye umalizie, kisha nawa. Usisubiri uhakika. Jogoo huzunguka kwa majike wote, hudonoa chakula na kuwaitia, na bakuli la maji ni lao wote.

Sasa mchunguze. Usimshike kifuani ukatangaza kwamba ana homa: joto la kawaida la kuku ni nyuzi 41 hadi 42, kwa hiyo kwenye mkono wako kuku mzima naye ni wa moto. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama kisu, huyu hakuanza kuumwa jana. Papasa gole, yaani mfuko wa chakula chini ya shingo, asubuhi kabla hajala. Linatakiwa liwe tupu. Likiwa limejaa na gumu, chakula kimeziba. Funua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka tundu la nyuma uone chawa. Tazama nyayo, kwa maana jogoo mzito anayeruka kutoka juu hupata jipu la unyayo, akachechemea, na mwenyewe ukadhani amepooza. Kinyesi kitazame kila siku. Ukitandika gazeti chini ya tenga utakiona vizuri.

Wageni huchanganya sana mafua na mdondo. Mafua ya kuku huletwa na bakteria: uso unavimba, jicho linafumba, pua inatoa kamasi zenye harufu mbaya, na huenea kundini ndani ya siku chache. Hapo antibayotiki ina kazi. Mdondo, au kideri, ni kirusi. Utaona kuhara kijani, kuhema mdomo wazi, shingo kupinda, mbawa au miguu kupooza, na vifo vinavyofuatana. Hauna dawa. Shubiri na pilipili watu wanazisifu kwa sababu ya wale wachache ambao wangepona hata bila hizo. Ukiona dalili hizi, mwite afisa mifugo, usiuze kuku wala kumgawia mtu, na mizoga ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu. Ndui ina vipele vyeusi kwenye upanga na ndevu. Huenezwa pia na mbu, nayo kwa kawaida huisha yenyewe baada ya wiki chache, ila ikiingia mdomoni jogoo hushindwa kula, hata kupumua.

Kuhusu dawa ya kuchanganya kwenye maji: kipimo cha kwenye pakiti hudhani kuku anakunywa kama kawaida. Mgonjwa hanywi, basi dawa inabaki bakulini. Mpime uzito, umuulize mtaalamu kipimo cha kuku mmoja wa uzito huo. Ukimnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, usimimine kooni. Tundu la pumzi liko pale pale nyuma ya ulimi, na jogoo aliyekuwa akipona anaweza kufa kwa maji yaliyoingia mapafuni. Na OTC usiichanganye na maziwa, huipunguzia nguvu. Maliza siku zote ulizoelekezwa hata akianza kuwika siku ya pili. Majike wakinywa dawa hiyo, mayai yasiliwe wala kuuzwa mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, nyama vilevile. Hili watu hulipuuza kwa makusudi, na ni aibu.

Wazima wako wachanjwe mdondo kabla ugonjwa haujafika, maana chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Ni nafuu kuliko dawa yoyote utakayoitafuta baadaye.

Jogoo aliyepona mafua anaweza kuendelea kubeba vijidudu akiwa mnene na anang'aa. Mimi ningemla, baada ya siku za dawa kwisha, nikatafuta mwingine, na huyo mpya ningemkalisha peke yake wiki mbili au zaidi kabla hajaonana na majike. Ukiamua kumbakiza, basi abaki kwako. Jirani akija kumwazima apandishe mitetea yake, mwambie ukweli, na akinuna mwache anune.