Dada yangu haswali wala hali: ni jini, au imani dhaifu?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Dada yangu hapa Arua, Uganda, alijifungua miezi mitano iliyopita. Sasa chakula hakitaki, analia usiku, Swala ameacha. Mama anasema ni jini, mashemeji wanasema imani yake ni dhaifu. Tufanyeje?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Mwanangu, kwanza mashemeji wazuie ndimi zao. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni (12:84), na nani athubutu kusema imani yake ilipungua? Bibi Maryam naye, uchungu wa uzazi ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alisema: "Laiti ningelikufa kabla ya haya" (19:23).

Hayo uliyoyaeleza yanafanana sana na sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, ya baada ya kujifungua. Huzuni ya kawaida huja na kupoa. Hii hukaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku: mama hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hajioni na thamani, wala mwanawe hamfurahishi. Sababu huchangamana. Homoni hushuka ghafla baada ya kuzaa, usingizi hukatika. Ukiongeza ugomvi wa nyumbani, ufukara, au maradhi haya kuwemo katika ukoo, mtu huelemewa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwishaeleza kwamba iko huzuni yenye sababu inayojulikana, na iko isiyojulikana sababu yake, inayotokana na mwili.

Kisomo msiache, msomeeni. Lakini kumpiga ati jini litoke ni dhulma, jambo hilo nalikataza kabisa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Mpelekeni hospitali ya rufaa hapo Arua, mwulizie wahudumu wa afya ya akili, na mwambieni daktari kwamba ananyonyesha. Akipewa vidonge, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, asivikatishe. Mazungumzo pia ni tiba: huko Masaka na Rakai, humu humu Uganda, wanavijiji wenye sonona waliokutana kwa vikundi kila wiki walipata nafuu kubwa.

Swala ataswali kwa kadiri ya uwezo wake, kwa kukaa, au hata kwa kulala ubavu. Msimkaripie. Msogezeeni maji ya udhu, mchukueni mtoto apate kulala.

Na akitaja kufa, msidhani anatafuta kuonewa huruma. Asiachwe peke yake, sumu ya shamba na vidonge vitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali usiku huo huo.