Lamu hadi Malindi: Ile Nusu Saa Ni ya Rubani, Si Yako

Juzi kijana mmoja wa Shela ameniandikia: "Kaka, ndege ya Lamu hadi Malindi ni muda gani? Nina miadi saa nne, nikitoka asubuhi hiyohiyo nitawahi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka jana, na jibu nililojipa lilinigharimu milango kumi na mmoja.

Hesabu ya angani haina ugumu. Kutoka uwanja wa Manda, kisiwa kilicho mkabala na Lamu, hadi wa Malindi ni kilomita 140 hivi kwa mstari ulionyooka, nusu saa kwa ndege ndogo. Kwa gari kupitia Witu na Garsen ni zaidi ya kilomita 200, na bado hujahesabu boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo barani.

Mimi ni fundi wa nakshi, na sijisifu nikisema mkono wangu unajulikana. Hoteli moja ya Malindi iliniita kwa kazi ya milango kumi na mmoja, nije na sampuli ya ubao. Ndege saa mbili u nusu, nitue saa tatu, hata chai nitakunywa. Ndivyo nilivyopanga.

Alfajiri maji yamekupwa. Tulishuka gatini kwa zile ngazi za chini zenye utelezi, ubao begani, nahodha akinishika mkono kama mzee. Manda wakaniweka kwenye mizani. Ruhusa kilo 15. Ubao peke yake kilo 21. Nikauliza kama naweza kulipia.

"Ndege imejaa, bwana. Ni wewe au huo ubao."

Nikamkimbilia nahodha kabla hajang'oa, nikamrudishia. Kisha tukakaa. Ndege ilikuwa yatoka Nairobi, na Nairobi asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Ilitua saa nne kasoro robo. Angani tulikaa nusu saa kamili, sina lawama. Nikayaona maji ya Mto Tana yakimwaga wekundu wake baharini pale Kipini, mazuri, nami tumbo linanikata.

Uwanja wa Malindi uko karibu na mji, kwa hiyo tuktuk haikuchukua muda. Saa tano kasoro nilikuwa mbele ya mwenye kazi, mikono mitupu, namwonyesha picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. "Fundi, nimekuita nishike mbao," akasema. Kazi akapewa mwingine. Milango yenyewe nimeiona: maua yamekatwa kwa mashine, yote sawasawa kama vigae. Basi.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Nenda siku moja kabla. Uliza kilo kabla ya kulipa tiketi. Uliza ndege inatokea wapi, kwa sababu ikichelewa huko, kwako pia imechelewa. Kizito kipeleke kwa basi jana yake. Na kama ni Nairobi unakokwenda, tazama tiketi imeandika uwanja wa Wilson au wa Jomo Kenyatta. Ni pande mbili tofauti za mji, na foleni ya katikati haina huruma. Nenda siku moja kabla, narudia. Nyinyi vijana mnapenda kufika dakika ya mwisho mkaiita ujanja. Mwenye njaa ya kazi hulala mlangoni pa kazi.

Ule ubao? Niliufanya kilango cha kabati la mama. Humo ndimo anamofichia halua, wajukuu wasiione.