Maswali ya Wasomaji: Kitunguu Saumu Kisichogawanyika Punje

Swali: Nilipanda vitunguu saumu kwenye tuta nyuma ya nyumba, nikatia samadi ya kutosha. Baada ya miezi saba nimeng'oa, kila mche una kitunguu kimoja cha duara, hakina punje hata moja. Je, niongeze mbolea?

Jibu: Hapana, kilichopungua hapo pengine ni baridi. Kitunguu saumu hakigawanyiki punje mpaka mbegu yake, au mche ukiwa mchanga, upite wiki kadhaa za ubaridi wa chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Bila ubaridi huo hujaza tunguu moja tu. Kupanda kwa kuchelewa au kutumia vipunje vidogo mno nako huleta hali hiyo hiyo.

Hivyo ulivyovuna usivitupe. Vinaliwa, na ukivipanda tena kwa wakati wake vinaweza kutoa vichwa kamili.

Kama kwenu hakupoi, weka vichwa vya mbegu ndani ya mfuko wa karatasi, kwenye friji yenye nyuzi 4 au 5, kwa wiki 6 hadi 8. Viwe vizima, punje zilizobanduliwa mapema hukauka au huoza. Siku utakayovitoa ndiyo siku ya kubandua na kupanda. Chukua punje kubwa za nje, vidogo vya katikati vipeleke jikoni. Kitako, yaani ule upande bapa wenye kovu la mizizi, kikae chini, na ncha ifunikwe kwa sentimita 3 hadi 5 za udongo. Ukiigeuza itaota, lakini shingo itapinda na kichwa kitakaa upande. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya punje na punje.

Swali: Majani ya chini yananyauka. Ni ugonjwa au vimekomaa?

Jibu: Chimbua mmoja uone. Ukikuta ukungu mweupe kama pamba kwenye kitako, wenye vidoa vyeusi vidogo, huo ni uozo mweupe. Ng'oa mche pamoja na udongo unaouzunguka, uuchome, wala usiutie kwenye mboji. Vidoa hivyo hukaa ardhini hata miaka 20 vikisubiri jamii ya vitunguu, kwa hiyo hapo panda kitu kingine kabisa.

Kama kitako ni safi, hesabu majani. Majani matatu au manne ya chini yakikauka huku matano au sita ya juu yakiwa bado mabichi, vuna. Msingojee mche wote ukauke, hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi ya miezi. Kila jani huendelea chini kuwa ganda moja la kichwa. Jani likifa, ganda lake huoza udongoni. Ukichelewa, vichwa hupasuka na punje hutawanyika, na vya namna hiyo havihifadhiki. Ukiwahi, maganda huwa mepesi na punje hazijajaa. Kata kichwa kimoja katikati kwa kisu: punje zikiwa zimejaa hadi kwenye ganda, wakati umefika.

Acha kumwagilia wiki mbili kabla. Legeza udongo kwa uma wa bustani, ukiuchoma mbali kidogo na mche, kisha nyanyua. Ukivuta majani kwa nguvu, shingo hukatika. Usioshe, kung'uta udongo tu, halafu tandaza au tundika kivulini penye upepo kwa wiki mbili hadi nne, majani na mizizi vikiwamo. Shingo ikikauka kabisa, isiwe na unyevu ukiibinya, kata mizizi na ubakize sentimita 2 za shina.

Swali: Nihifadhi kwenye friji?

Jibu: Vya kula, hapana. Baridi ile ile iliyosaidia mbegu itaviamsha vichipue. Kapu au wavu, mahali pakavu penye hewa, panatosha.